Kuhamisha tangi la matumbawe kutoka Mombasa hadi Nairobi

Msomaji mmoja wa Nyali, Mombasa, ananiandikia kwamba amehamishwa kikazi na mwezi wa Februari atahamia Nairobi, katika nyumba ya ghorofa ya tatu huko Kileleshwa. Ana tangi la maji ya bahari la lita 400 ambalo limekaa mahali pamoja kwa miaka sita. Ndani yake mna mawe hai, yaani mawe ya miamba yaliyojaa viumbe wadogo, matumbawe laini, matumbawe magumu yenye nyama nene, anemoni mmoja, yule mnyama laini mwenye minyiri, na jozi ya samaki wanaoishi ndani yake, samaki mwingine aitwaye kangaja wa buluu, kamba wasafishaji na konokono. Anauliza mambo manne: kama kila kitu kinaweza kuhamishwa kwa siku moja, kama ni lazima achukue maji yote ya zamani, kama rafiki yake yu sahihi anapomshauri atumie nafasi hii kuyachemsha mawe ili amalize mwani na vianemoni vidogo vya Aiptasia, na kama ni kweli kwamba tangi litalazimika kuanza upya kama la siku ya kwanza.

Ndugu msomaji, naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Tangi lako halitalazimika kuanza upya, mradi mawe yafike Nairobi yakiwa mabichi na hai. Uzima wa tangi la namna hii unategemea bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye matamvua na uchafu wa samaki, iwe nitriti, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo wanyama wengi huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wamejishikiza juu ya mawe na ndani ya vitundu vyake, kwenye mchanga na kwenye vichujio. Kwa hiyo miaka sita unayoogopa kuipoteza imo ndani ya mawe, na kazi yako kubwa katika safari hii ni kuyalinda mawe hayo yasikauke, yasipate joto wala baridi kali, na yasikae ndani ya maji yaliyotuama yasiyo na oksijeni. Sehemu fulani ya viumbe wadogo waliomo itakufa hata ukifanya kila kitu ipasavyo, hasa sponji wa baharini, ambao huharibika wanapopigwa na hewa, na kuoza kwao kutaongeza amonia kwa siku kadhaa. Hilo si kuanza upya. Ni msukosuko unaotarajiwa, na unaweza kujiandaa nao.

Kutokana na hayo utaona kwamba maji ya zamani hayana utakatifu ambao watu huyapa. Hayabebi bakteria wengi, na yana nitrati na fosfati zilizolundikana kwa miaka. Thamani yake ni moja, nayo ni kubwa: wanyama wako wameyazoea. Kiwango cha chumvi, ukali wa alkali, kalisi na joto havitawashtua wakirudi ndani ya maji yaleyale. Ningechukua lita 200 zilizo safi, yaani zilizotolewa juu ya tangi kabla hujagusa jiwe wala mchanga, na nusu iliyobaki ningeitengeneza mpya. Ukichukua lita zote 400 utakuwa umeongeza zaidi ya kilo 200 kwenye gari, kwa faida ndogo sana.

Huenda ukajiuliza kwa nini usijaze mitungi kwa maji ya baharini yenyewe, maadamu unaishi karibu nayo. Waweza, na Februari ni mwezi mzuri kwa kazi hiyo, kwa sababu bado ni kaskazi na bahari huwa tulivu na angavu kuliko wakati wa kusi. Lakini usichote karibu na mdomo wa mto wala hori, wala upande wa bandari ya Kilindini, wala baada ya mvua. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na ufuo, kisha yapime chumvi kwa refraktometa, uyachuje kwa kitambaa kizito, na uyaweke gizani kwa siku kadhaa huku pampu ikiyazungusha. Hata hivyo ningependa uanze mapema kutumia chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, kwa kuwa ukishafika Nairobi ndiyo itakayokuwa tegemeo lako, na si vizuri wanyama waionje kwa mara ya kwanza wiki ileile wanayosafirishwa. Anza kubadilisha maji kidogo kidogo kwa chumvi hiyo miezi miwili kabla ya kuhama.

Kuhusu kuyachemsha mawe, jibu langu ni hapana, na nakuomba ulichukulie kuwa jambo la uhai wa watu kabla ya kuwa jambo la samaki. Kwenye mawe ya miamba huota viumbe vidogo mfano wa vifungo vya nguo, wa jamii ya Palythoa na ndugu zake, na baadhi yao wana palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazopatikana katika viumbe. Ukilichemsha jiwe kama hilo, au ukalisugua kwa brashi na maji moto, sumu huweza kupanda na mvuke na kuvutwa na kila aliyemo nyumbani. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu wa familia moja walipelekwa hospitalini baada ya mmoja wao kusafisha tangi lake la matumbawe. Kwa hiyo vaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho utakapokuwa ukiyatoa mawe, usifanye kazi hiyo ukiwa na kidonda mkononi, usiyakwaruze yakiwa nje ya maji, na watoto wasiwepo karibu. Ukianza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, homa, misuli kukaza au kubanwa na pumzi, nenda hospitali na uwaeleze madaktari kwamba umeshika matumbawe. Tena, hata bila hatari hiyo, kuyachemsha mawe ni kuwaua bakteria wote ambao nimetangulia kusema kwamba ndio mali yako halisi. Aiptasia wanaweza kumalizwa mmoja mmoja baadaye, tangi likiwa limetulia.

Mchanga ni habari nyingine. Chini ya tabaka la juu, mchanga wa miaka sita una uchafu mwingi, na mahali oksijeni isipofika hutengenezwa haidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya mayai viza, ambayo kwa kiasi kidogo tu huua samaki. Nimeona watu wakiyalinda mawe vizuri kwa safari nzima, kisha wakapoteza samaki usiku wa kwanza kwa sababu waliumwaga mchanga wa zamani ndani ya tangi jipya ukiwa na matope yake. Uache mchanga huo. Nunua mchanga mpya wa aragonaiti (madini ya chokaa), uuoshe mpaka maji yawe maangavu, kisha uongeze kikombe kimoja au viwili vya mchanga wa zamani uliochotwa juu kabisa na kusuuzwa kwa maji ya tangi, ili minyoo na viumbe wengine wadogo wapate pa kuanzia. Na usikubali kwa hali yoyote kulibeba tangi likiwa na mchanga ndani, hata wachukuzi wakikuambia kwamba ni jepesi kwao. Kioo cha chini hupindika kwa mzigo usio sawa na silikoni huachia.

Sasa tuitazame nyumba ya Kileleshwa, kwa sababu kuhama kwa namna hii huanzia kule uendako. Lita 400 za maji ya bahari ni kilo 410. Ukijumlisha kioo, mawe, mchanga, kabati na tangi la chini la kuchujia, utapita kilo 600 bila shida. Ikiwa tangi lako lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, uzito huo wote unakaa kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba, hali sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba ukiwa umesambaa. Sakafu nzuri ya zege huweza kubeba uzito kama huo mahali pamoja, lakini mahali penyewe ni muhimu. Liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, likikatiza juu ya boriti, wala si katikati ya sebule, na umwombe mhandisi wa ujenzi aitazame michoro ya jengo kabla hujamjulisha mwenye nyumba. Kisha mwombe mwenye nyumba idhini kwa maandishi. Kabati likishawekwa, lipime kwa pimamaji pande zote; tofauti ndogo ya usawa huonekana wazi maji yanapojaa, na mkazo wake huangukia upande mmoja wa kioo.

Badiliko kubwa kuliko yote litakuwa la joto. Pale Nyali shida yako, kama nijuavyo matangi ya Pwani, imekuwa kuyapoza maji, na huenda hita yako haijawahi kufanya kazi ya kweli. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi nyuzijoto 12 au chini ya hapo. Utahitaji kulishika tangi kati ya nyuzijoto 24 na 26 mwaka mzima. Nunua hita mbili za wati 200 hadi 300 kila moja badala ya moja kubwa, na uziunganishe kupitia kidhibiti cha nje chenye kipimajoto chake. Hita moja ikikwama ikiwa imewaka, haitakuwa na nguvu ya kuwapika wanyama haraka. Ikikwama ikiwa imezima, nyingine itashikilia mpaka uone. Umeme ukikatika usiku wa baridi, pampu ndiyo ya kwanza kuhudumiwa na betri, kwa sababu wanyama huvumilia kupoa kwa saa kadhaa kuliko wanavyovumilia kukosa oksijeni. Inveta ndogo na betri yenye uwezo wa kuendesha pampu moja ya mkondo usiku kucha inatosha.

Mwinuko huo huo unapunguza oksijeni. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 25 hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa Mombasa, lakini yakiwa Nairobi hayazidi 5.5 hivi, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Samaki wako wataishi vizuri katika kiwango hicho, ila akiba yao imepungua: tangi lililojaa samaki lililokuwa likipita salama usiku usio na pampu kule Pwani linaweza lisipite huku. Elekeza pampu moja ivuruge uso wa maji wakati wote, na uiache mashine ya povu, ile inayoondoa uchafu majini kwa mapovu, ifanye kazi usiku na mchana.

Maji ya kuchanganyia chumvi nayo yanahitaji uangalifu. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi pamoja na madini mengine, kwa hiyo usitegemee chochote kitokacho kwenye mfereji wa jengo. Tumia kichujio cha osmosisi ya kinyume (RO), kinachosukuma maji yapite kwenye utando, chenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini, na kipimo cha madini yaliyoyeyuka kisome sifuri. Lita 200 zitakula chumvi ya kilo 7 hadi 7.5, kutegemea aina uliyonunua. Yachanganye siku moja au mbili kabla ya wanyama kufika, yakizunguka na kupashwa moto, mpaka refraktometa isome sehemu 35 kwa elfu, na alkalini yake, yaani ule ukali wa alkali ambao matumbawe huutumia kujenga viunzi vyao, ilingane na ya maji yako ya zamani, ambayo yapasa kuwa umeyapima mara kadhaa wiki hizo. Matumbawe magumu huchukia alkalini inayoruka kuliko yanavyochukia alkalini iliyo juu au chini kidogo.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Wanyama wanaweza kuhama kwa siku moja. Tangi la kioo lisihame nao siku hiyo. Kioo kilichokaa miaka sita, kikapigwa na matuta na mashimo kwa karibu kilomita 480, lazima kijazwe maji ya kawaida na kuachwa saa 24 au zaidi ili uone kama silikoni imeachia mahali, na saa hizo huna ikiwa samaki wamo ndani ya mifuko wakikusubiri. Kwa hiyo wanyama wapelekwe kwenye matangi mapana ya plastiki, mapya na ya daraja la chakula, yaliyokwisha kuandaliwa Kileleshwa yakiwa na maji, hita, pampu na mashine ya povu ya akiba. Watakaa humo wiki moja au mbili bila dhiki. Kioo kifuate kwa safari nyingine, kikiwa kimesimamishwa juu ya sponji na plaiwudi, na ukijaribu kwa utulivu. Iwapo bajeti yako inaruhusu, mimi ningekwenda mbali zaidi: ningeliuza tangi la zamani Mombasa na kununua jipya Nairobi, likasimama mahali pake na kujaribiwa kabla ya siku ya safari. Gharama ya usafiri salama wa kioo kikubwa mara nyingi hukaribia bei ya tangi lenyewe.

Wiki mbili kabla, hamishia anemoni kwenye jiwe dogo linaloweza kubebwa peke yake. Akiwa ameshika jiwe kubwa, usimng'oe kwa nguvu, kwa maana mguu uliochanika huoza. Elekeza mkondo wa pampu kwenye mguu wake, au ushikilie kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya mfuko nyuma ya jiwe pale alipojishikiza, naye ataachia mwenyewe polepole. Piga picha za mpangilio wa mawe kutoka pande zote. Acha kuwalisha samaki siku mbili kabla ya safari ili mifuko isichafuke njiani. Samaki mzima hana shida na saum hiyo.

Safari yenyewe ningeipanga hivi. Jioni, toa kwanza lita 200 za maji safi na kuzifunga ndani ya mitungi. Kisha toa matumbawe, ukiyapa muda wa kujikunja ndani ya maji na kuyainua taratibu, kwa sababu yale yenye nyama nene yakiinuliwa yakiwa yamevimba, uzito wa maji huivuta nyama ikachanika kwenye ncha za kiunzi. Kila tumbawe liwe kwenye mfuko wake na maji yake. Matumbawe laini hutoa kemikali za kupigana na majirani, na ndoo moja yenye mchanganyiko ni njia ya hakika ya kuyapoteza yote. Halafu toa mawe. Mawe yasiyo na matumbawe yafungwe kwa magazeti au taulo zilizoloweshwa kwa maji ya tangi, yapangwe ndani ya makasha yaliyofungwa vizuri. Hewa yenye unyevu itayapa oksijeni kuliko ndoo ya maji yaliyosimama. Vichujio vya kauri na sponji zake visafiri kwa njia hiyo hiyo, navyo visikauke. Samaki wabaki mwisho, ndani ya tangi lililopungua maji na lisilo na mawe ya kujifichia, pampu ya hewa ikiendelea. Saa tisa usiku wengi watakuwa wamelala karibu na sakafu na watashikwa bila kukimbizwa. Mshike kangaja kwa chombo cha plastiki badala ya wavu, kwa kuwa visu vilivyo pande zote mbili za shina la mkia wake hunasa kwenye wavu na hutoboa mfuko. Ningempa ndoo yake yenye kifuniko na pampu ya hewa ya betri.

Mifuko mingine iwe maradufu, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ambayo wauzaji wa samaki wa mapambo wa Pwani wanaweza kukujazia. Lakini usiifunge ikiwa imejaa kikamilifu kama mpira. Hewa iliyofungwa usawa wa bahari huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu moja ya tano ifikapo Nairobi, na mfuko uliokazwa Nyali huweza kupasukia Athi River. Iache iwe na ulegevu, uilaze ndani ya makasha ya stairofomu yaliyofungwa, na makasha yawe gizani.

Ondoka saa kumi alfajiri. Utapita Mariakani na Voi kabla jua halijawa kali, na kama barabara iko wazi utafika Nairobi mchana, ukiwa na mwanga wa kutosha kufanya kazi. Makasha yakae ndani ya gari lililofunikwa, si nyuma ya pikapu wazi kwenye upepo na jua la Tsavo. Simama Mtito Andei, ambapo ni kama katikati ya njia, uangalie pampu za betri na joto la ndoo, bila kufungua mifuko. Chukua pampu ya akiba na betri za akiba. Ni vitu vya bei ndogo, na usipokuwa navyo njiani huna la kufanya.

Kuifungua mifuko kuna siri yake ya kikemia, na hapa ndipo watu wengi waangalifu hukosea kwa uangalifu wao wenyewe. Samaki aliyekaa saa kumi ndani ya mfuko amejaza maji kwa amonia na kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi huishusha pH, yaani huyafanya maji yawe na asidi zaidi, na pH ikishuka, sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa amoniamu isiyo na madhara makubwa. Ukishafungua mfuko, kabonidayoksaidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hurudi kuwa sumu. Kila pH inapopanda kwa kizio kimoja, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara kumi. Kwa hiyo ile desturi ya kufungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima haifai baada ya safari ndefu. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa kwa nusu saa ili joto lilingane, pima chumvi ya maji ya mfuko mara tu unapoufungua, na kama tofauti na maji ya tangi la kusubiria haizidi sehemu moja kwa elfu, mchukue samaki kwa mkono au kikombe na umweke moja kwa moja ndani. Kamba ni wepesi kudhurika na badiliko la chumvi, basi wao wahamishwe polepole kidogo, ila chumvi ikiwa sawa hata wao hawahitaji zaidi ya dakika chache. Maji ya mifuko yote yamwagwe kwenye choo, yasiingie tangini.

Mawe yatangulie kuingia kabla ya samaki. Yafungue, yasuuze kwa kuyatikisa ndani ya ndoo ya maji ya zamani, na uyanuse moja moja. Jiwe lenye uhai hunukia bahari. Lenye harufu mbaya litengwe kwenye ndoo yake yenye pampu na libadilishiwe maji kila siku mpaka harufu iishe. Usilihurumie ukalichanganya na mengine usiku huo. Anemoni naye atengwe siku mbili za kwanza. Akijishikiza na kujaza minyiri yake, yu salama. Mdomo wake ukibaki wazi muda mrefu na nyama ikaanza kumeguka, mtoe mara moja, kwani anemoni aliyekufa huweza kuua kila kilichomo ndani ya maji yale. Ziba midomo ya pampu zote kwa sponji, kwa maana anemoni aliyehamishwa hutembea.

Kwa wiki mbili za mwanzo pima amonia na nitriti kila siku. Kipimo chochote cha amonia kinachoonekana kijibiwe siku hiyo hiyo kwa kubadilisha robo ya maji, na ndiyo sababu uwe na lita 100 zilizokwisha kuchanganywa zikikusubiri muda wote. Lisha kidogo sana. Tumia kaboni amilifu ili kunyonya kemikali zilizotolewa na matumbawe. Punguza saa za taa hadi nusu na uzirudishe kidogo kidogo kwa siku kumi au zaidi, kwa kuwa matumbawe yaliyochoka huungua kwa mwanga yaliokuwa yakiumudu. Utaona vumbi la kahawia la dayatomu, yaani mwani mdogo sana, likifunika mchanga mpya, na huenda mwani wa kijani ukafuata. Visikutishe, na usivitilie dawa. Mashine ya povu nayo huweza kufurika siku za kwanza kwa ajili ya ute wa matumbawe, basi ishushe kidogo mpaka itulie.

Mwangalie kangaja kwa namna ya pekee. Jamii yake hushikwa upesi na ugonjwa wa vidoa vyeupe usababishwao na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na msukosuko wa safari huufungulia mlango. Dawa yake ya kawaida ni shaba, na shaba haiwezi kutiwa kamwe kwenye maji yenye matumbawe, kamba au konokono, kwa kuwa huwaua. Weka tayari tangi dogo la pembeni lisilo na jiwe wala mchanga, lenye hita na kichujio, ili akiugua atibiwe humo.

Liko jambo moja la kufanya kabla hujaondoka Mombasa, nalo ni la haki kwa bahari yenyewe. Usirudishe baharini chochote unachoamua kutokihamisha, awe samaki, mwani, konokono au mchanga, hata kama alitoka humo humo. Mwani uitwao Caulerpa taxifolia ulionekana katika bahari ya Mediteranea mwaka 1984 chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ukitokea kwenye matangi, na baadaye ukasambaa kwenye pwani za nchi kadhaa. Wape wafugaji wengine wanyama unaowaacha, na mwani na mchanga ukaushe juani kabla ya kuutupa. Vilevile usiongeze mzigo kwa kuokota mawe ya miamba wala matumbawe ufuoni ili yakafae kule Nairobi. Maeneo ya hifadhi za bahari, ikiwemo ile ya Mombasa iliyo mbele ya Nyali yako, yako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, na kuchukua viumbe humo bila kibali ni kosa. Beba stakabadhi za ununuzi wa wanyama wako ndani ya gari. Kama siku moja utahamia nje ya Kenya, tambua kwamba matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali.

Tangi la kioo likishajaribiwa na kusimama mahali pake, anza kwa kupanga mawe, jaza maji, na uache siku mbili yazunguke kabla ya kuwahamisha matumbawe, kisha kamba na konokono, kisha samaki. Anemoni aingie akiwa juu ya jiwe lake, na samaki wake wawili wafuate siku hiyo hiyo, kwani huwa na wasiwasi wakimkosa. Usinunue samaki mpya wala tumbawe jipya kabla ya miezi mitatu kupita, na kabla hujaona alkalini ikishuka kwa mwendo uleule wiki hata wiki, kwa maana huo ndio ushahidi kwamba matumbawe yako yameanza tena kujenga viunzi vyao.